Saa Moja na Nusu Kati ya Zurich na Amsterdam

Mama yangu hakuiogopa Marekani. Hakuogopa baridi, ingawa nilimweleza kwenye simu kwamba Februari ya Minnesota hata unyevu wa puani huganda. Alisema, "Nyie si watu mnaishi huko? Basi." Alichokiogopa ni kipande kimoja tu cha safari, na tena kile kifupi kuliko vyote: kutoka Zurich kwenda Amsterdam.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Kwetu Tanga mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzalia kwa mama yake, akandwe kwa maji ya moto na anyweshwe uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisini Saint Louis Park, pembeni ya Minneapolis, na bima ya kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inilipie hospitali. Kwenda Tanga kusingewezekana. Basi tukakubaliana kwamba kama mtoto hawezi kwenda kwa mama, mama atakuja kwa mtoto. Nilikuwa sijamwona miaka mingi. Katika miaka hiyo baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi yetu, kabla sijajua hata pa kuanzia kutafuta tiketi. Nilimtaka mama yangu kwa hamu ya mtoto mdogo, na sioni haya kusema hivyo. Wanawake wenzangu ofisini walikuwa wakijadili vitanda vya watoto na rangi za kuta. Mimi nilikuwa nawaza mikono ya mama tu.

Njia tuliyoipata ilikuwa na vipande vitatu. Mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa na ofisi ya tiketi ng'ambo ya barabara ya kazini kwetu aliihangaikia kwa kompyuta yake mpaka akaiunganisha: Dar hadi Zurich, Zurich hadi Amsterdam, na Amsterdam moja kwa moja hadi Minneapolis. "Hicho cha katikati ni saa moja na nusu tu," alisema, akipunga mkono kama anayefukuza inzi.

Nami niliona mambo yamekaa sawa. Ndege ya kutoka Dar haikosi Waswahili. Ile ya mwisho nilikuwa nimeipatia mtu, binti wa Kitanzania aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapa na ambaye alikwenda kumtembelea dada yake Uholanzi. Angemsubiri mama mlangoni pa ndege Amsterdam na wangekuja pamoja. Kwa Zurich nilimwombea kiti cha magurudumu. Hiyo ni mbinu ya watu wote wa ughaibuni: mzazi mzima wa afya, anayepanda ngazi haraka kuliko wewe, unamwandikisha kiti ili apatikane wa kumsukuma kutoka mlango mmoja hadi mwingine asipotee.

Mama alipigiwa simu dukani kwa jirani yake, maana nyumbani hatukuwa na simu. Nikamweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo katikati ni mbali?" akauliza.

Mume wangu alikuwa ameshapima kwenye ramani kwa uzi wa kushonea, basi nikamjibu. "Kilomita mia sita na kidogo, mama. Kama Dar na Arusha."

"Dar na Arusha!" Nilimsikia akimgeukia mwenye duka amshirikishe. "Dar na Arusha si safari ya kutwa?"

"Kwa ndege, mama. Saa moja na nusu."

"Basi la Arusha husimama Korogwe watu wakala. Hiyo husimama wapi?"

"Haisimami. Katikati pale ni Ujerumani."

"Si isimame Ujerumani? Wajerumani wanatujua."

Nilicheka, naye akacheka, na mwenye duka nadhani alicheka. Kisha akashusha sauti, nikajua mzaha umekwisha.

"Mwanangu, si umbali," akasema. "Ndege ya Dar nikiugua nitasema. Ndege ya mwisho nina huyo binti. Hapo katikati nikitaka maji nitasema na nani? Siku yangu ikifika hapo, nani atanitamkia shahada? Mimi tangu kuzaliwa kwangu sijawahi kukaa saa moja na nusu bila mtu wa kusema naye."

Ilikuwa kweli. Nyumba yetu ilikuwa na watu tangu alfajiri: wajukuu wa majirani, wauza samaki, shangazi waliokuja kwa siku moja wakakaa mwezi.

"Wacha kwanza nifikirie," akasema. Kwetu mtu mzima akisema atafikiria, amekataa kwa adabu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikaikasirikia Uswisi, nikamkasirikia yule mama wa tiketi na mkono wake wa kufukuza inzi. Nikazunguka sebuleni nikisema peke yangu, na tumbo langu likinitangulia kila kona. Mume wangu, Mkenya wa Nakuru ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikinipa raha na maudhi kwa zamu, aliniangalia kutoka kwenye kochi.

"Si um-record-ie kaseti?" akasema. "Vile wewe huongea non-stop, hiyo one and a half hours utai-cover yote, na ata change ibaki."

Alikuwa ananitania. Lakini nilisimama palepale. Kaseti ya dakika tisini ni saa moja na nusu kamili. Jioni hiyohiyo nilimtuma aninunulie.

Wakati ule kutumiana kaseti halikuwa jambo geni. Nyumbani walikuwa wakiniletea harusi nzima kwenye kaseti, na salamu za ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, jogoo akiwika nyuma yao. Kwa hiyo nilijua inavyofanywa. Jumamosi nilijifungia chumbani, nikakaa sakafuni katikati ya makoti ya baridi ili sauti isivume, nikabonyeza kitufe, nikasema, "Shikamoo mama." Kisha nikanyamaza.

Mlangoni nilimsikia mume wangu akicheka. "Sasa unangoja nani a-reply?"

Nikamfukuza. Huwezi kumwamkia mzazi kisha ukaendelea kumwaga maneno kabla hajaitikia, awepo asiwepo. Nilimwachia nafasi ya kusema marahaba. Nilipomuuliza kama amekula, nikamwachia nafasi. Nilipomuuliza habari za magoti yake nikamwachia nafasi ndefu, kwa sababu magoti ya mama yana mambo mengi.

Watu wanaodhani dakika tisini ni kidogo hawajawahi kuzijaza peke yao. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Nilimweleza fleti yetu ilivyo, theluji inavyolia chini ya kiatu, majirani wanaokusalimu kila siku na hawakujui jina. Nilimweleza unga wa chapati wa huku usivyokubali kulainika. Upande wa pili nikaanza kuishiwa. Nikamwita mume wangu aje amwamkie mkwewe. Yeye amekulia mahali ambapo shikamoo huisikia redioni. Aliitamka kama mtu anayesoma namba ya gari, kisha akaniangalia kama kuuliza, na sasa? Nikamwambia kwa ishara angoje aitikiwe. Akangoja, masikini, amesimama wima kati ya makoti. Mwishoni kabisa nilikuwa sina tena la kusema, nikaanza kumweleza mashine za kufulia zilizo chini ya jengo na aina za sabuni, mpaka utepe ukaisha wenyewe.

Kaseti ilisafiri na kiredio kidogo cha kusikilizia masikioni, kwa mkono wa mzee mmoja Mtanzania wa Brooklyn Center, mji wa jirani yetu, aliyekuwa anakwenda Dar kuoza binti yake. Kitufe cha kuwashia nilikipaka rangi nyekundu ya kucha; upande wa kwanza ukiisha kiredio kiligeuza chenyewe. Nilimwagiza mama asiwashe hata kidogo mpaka akae ndani ya ndege ya pili. Baada ya muda nikapigiwa simu kutoka kwa mwenye duka.

"Nimebonyeza kidogo tu kuona kama ni kizima," mama akasema. "Nimekusikia unaniamkia. Nikakuitikia, nikazima, mwenye duka akairudisha mwanzo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuja. Nitakuachaje unaongea peke yako?"

Siku aliyofika nilisimama uwanjani Minneapolis na miguu iliyovimba kama maandazi, nikitazama mlango wanakotokea wasafiri. Walitoka wazungu na masanduku yao, wakatoka wanafunzi, ikatoka familia ya Kisomali ikapokelewa kwa vigelegele. Kisha kikatoka kiti cha magurudumu. Ndani ya kiti mlikuwa na mkoba wa mama na kikapu chake cha ukindu. Mama mwenyewe alikuwa akitembea kando yake, kanga juu ya koti aliloazimwa, akizungumza kwa Kiswahili na yule kijana wa Kimarekani aliyekuwa akisukuma. Nyuma yao yule binti wa chuo alikuwa amejishika mbavu kwa kucheka.

"Amekataa kukaa," akaniambia. "Anasema yeye si mgonjwa, lakini kikapu kimechoka."

Sikusikia zaidi. Nilikuwa nimeshajitupa kifuani kwa mama, naye alikuwa akiniambia nisimwangukie na tumbo, nisimwangukie, huku amenikumbatia kwa nguvu zake zote. Alinukia udi na karafuu na mafuta ya nazi. Nililia pale mbele ya watu bila aibu yoyote. Yeye hakulia. Alinipangusa kwa ncha ya kanga, akaniuliza mbona nimekonda mikono.

Habari za kipande cha katikati nilizipata kesho yake jikoni, akiwa ameshavifungua visahani vyangu vyote na kuvipanga upya.

"Uliniamkia, nikakuitikia," alianza. "Ukaniuliza nimekula, nikakuambia wamenipa kimkate kikavu. Yule mzungu aliyekaa kando yangu akageuka. Nadhani alidhani namsemesha yeye. Akatikisa kichwa. Mtu mwenye adabu kweli. Basi kila nikikujibu wewe, naye anaitikia."

Nikajua alikuwa akinijibu kwa sauti, na sauti ya mama yangu imezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mtaa, tena safari hiyo masikio yake yalikuwa yamezibwa na spika zangu. Niliwaza ile ndege nzima ya wafanyabiashara na magazeti yao, kimya kabisa, na mwanamke wa Tanga akieleza magoti yake juu ya Ujerumani.

"Mama! Watu hawakukutazama?"

"Walinitazama. Nikawaamkia. Nikampa yule bwana visheti, akala, akampa na mwenzake. Halafu akaja yule binti wa ndege akaninyooshea kidole nizime. Nikamwambia subiri, mwanangu hajamaliza. Hakuelewa. Yule bwana ndiye akanionyesha kwa mkono kwamba tunashuka, nikazima kwa ajili yake." Akasimamisha kazi, sahani mkononi. "Ulikuwa unamalizia kusema nini?"

"Sabuni, mama. Nilikuwa nasema juu ya sabuni ya kufulia."

"Ah. Nilidhani ni jambo." Akaendelea kupanga. "Lakini mimi nilikuambia mengi."

"Uliniambia nini?"

Akafikiri kidogo, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake, namna ya msichana. "Yale yalikuwa ya kule juu," akasema, na sikuweza kumtoa neno zaidi.

Binti yangu alizaliwa siku chache baadaye, asubuhi ya theluji nyingi. Mama alikuwa kichwani pangu muda wote, kiganja chake kwenye kipaji cha uso wangu, na wauguzi walijifunza upesi kupita upande mwingine. Nimeshasahau maumivu mengi ya siku ile. Kiganja kile sijakisahau. Nilijiambia kwamba hata angefika kwa ajili ya asubuhi ile moja tu, ingetosha.

Lakini alikaa arobaini yote na zaidi. Alinikanda kwenye bafu la fleti kwa maji yaliyonifanya nipige kelele, na jirani wa chini akapanda kuuliza kama niko salama. Alifukiza udi chumbani, king'ora cha moshi kikalia, na mume wangu akawa mtu wa kukimbia na taulo kukipepea. "Mum ataita fire brigade kila Friday," alikuwa akilalamika, lakini uji wake wa pilipili manga alikuwa anaumaliza kabla yangu. Mtoto alilala kifuani kwa bibi yake na hapakuwa na kitanda cha dukani alichokikubali. Mama alimsemesha kutwa nzima, kama alivyotusemesha sisi. Nilikuwa nikirudi kutoka bafuni nasimama mlangoni nawasikiliza, najificha, kwa sababu mama akijua anasikilizwa hubadili habari.

Miti ilipochipua, siku zake zikaisha. Alikuwa anarudi kwa njia ileile kinyumenyume. Hadi Amsterdam angekuwa na mama mmoja Mkenya aliyekuwa akienda Nairobi. Kutoka Zurich angekuwa na Waswahili wa Dar. Na kati ya hapo, kile kipande chetu. Mimi nilikwisha kununua kaseti mpya. Safari hii nilikuwa na mengi, na nilikuwa na mtoto wa kumrekodi akilia na akicheka. Niliitoa kwenye karatasi yake mezani wakati mama anachambua mchele.

"Usirekodi kitu," akasema.

Nilidhani hakunielewa. "Ni ya pale katikati, mama. Usije ukakaa peke yako."

"Nimeelewa." Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele wa Marekani, ambao hauna mawe. "Hapo katikati nataka nilie."

Alilisema kama mtu anayesema anataka chumvi. Nikakaa.

"Nikilia kwenye ndege ya kwanza," akasema, "huyo mama atanishika mkono na kuniombea mpaka Amsterdam. Ana moyo mzuri, najua atafanya hivyo. Nikilia ndege ya Dar, kabla sijafika Tanga habari imefika: fulani karudi analia, kumbe huko kwa mwanawe hakutendewa vizuri. Nitawaeleza nini? Na nyumbani nitakuta watu wamejaa, wanataka kusikia habari za Marekani, na mimi nicheke niwagawie sabuni. Hata baba yako alipotutoka, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nanyamazisha watu. Kila aliyeingia alilia, nami nikamwambia nyamaza, ni kazi ya Mungu. Siku zote za eda hakuna siku niliyoachwa peke yangu. Walinipenda sana, hawakunipa nafasi."

Akapeta mchele mara moja.

"Wakati wa kuja nilikuambia hayo yote. Nilimsema baba yako kutoka Zurich mpaka tunashuka, kwa sauti, na hakuna aliyenielewa wala aliyeniambia pole. Nikashuka mwepesi. Lakini sikulia, maana ulikuwa unaniuliza maswali." Sasa akaniangalia. "Nakuacha huku na mtoto, sijui nitakuoneni tena lini. Niachie saa hiyo moja na nusu. Usinisemeshe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na mimi nilikuwa nimeufahamu tangu Februari tu, lakini uchungu wa mama yangu nilikuwa sijauwaza hata kidogo. Kwa miaka yote nilijiona mimi ndiye niliye mbali na watu, mpweke, wa kuhurumiwa, na yeye ndiye aliyebaki na nyumba iliyojaa. Nilinyanyuka nikaenda kufungua maji bafuni yatiririke, nikalia huko kwa sauti ya chini, maana na mimi sasa nyumba yangu ilikuwa na watu.

Uwanjani, kwenye kaunta, nilikuwa na mtoto kifuani na mama ubavuni, na mume wangu akibishana na mizani ya mizigo. Bwana wa kaunta alinipa kadi za kupandia, moja, mbili, tatu. Nikazisoma. Ya katikati, Amsterdam kwenda Zurich, ilikuwa ya kiti cha katikati, kati ya watu wawili.

"Naomba dirishani," nikamwambia. "Hii ya pili."

Akatazama kompyuta yake. Ndege hiyo imejaa, akasema, na tena ni fupi, haifiki hata saa mbili. Mtu hajali amekaa wapi. Nikamwambia mama yangu anajali. Sauti yangu haikuwa nzuri. Watu wa nyuma yangu walianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, na mume wangu akanigusa bega, nikamtikisa. Nikamwambia yule bwana atafute tena, mimi nina siku nzima. Akatafuta tena, akibonyeza kwa muda mrefu, akasema kipo kimoja, lakini ni safu ya mwisho kabisa, karibu na choo, hakuna anayekitaka.

"Hichohicho," nikasema.

Mama, ambaye hakujua tunagombania nini kwa Kiingereza, aliuvuta mkono wa gauni langu. "Kuna shida gani?"

"Hakuna shida, mama. Nimekupatia dirisha, pale katikati. Ila ni nyuma."

Akaipokea kadi, akaitazama, halafu akanitazama mimi.

"Nyuma kabisa?"

"Nyuma kabisa. Geukia dirishani tu, mama. Hakuna atakayekuona."